Mikono ya Musa Ilipokuwa Mizito
Somo juu ya mabega yetu na uzee

Somo la Biblia: Kutoka 17:8–16. Lisomwe kwanza nyumbani, kisha makala haya.



Somo letu la leo lahusu kiungo ambacho hatukikumbuki mpaka kitukatalie kazi, yaani bega. Mzee anayeamka asubuhi akashindwa kuvaa shati pasipo msaada. Bibi anayeshindwa kumsuka mjukuu wake. Mvuvi anayewaachia vijana kutweka tanga kwa sababu mkono haupandi tena: hawa wote tunao kati yetu, toka Kunduchi mpaka Saadani, na wengi wao hawasemi. Husema, "Ni uzee tu," kisha hunyamaza. Tumeandika somo hili kwa sababu neno hilo dogo "tu" limewapotezea watu wengi mikono ambayo ingaliweza kufanya kazi miaka mingi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Kwa hesabu hiyo sisi tunaoandika tumo, kwa hiyo hatusemi na wengine tu. Twasema na nafsi zetu pia.

1. Musa juu ya kilima

Waisraeli walipopigana na Waamaleki huko Refidimu, Musa alisimama kilimani na fimbo mkononi. Mikono yake ilipokuwa juu, watu wake walishinda, ilipoteremka, walishindwa. Lakini mikono ile ilichoka. Ndipo Haruni na Huri walipomletea jiwe akaketi, na kila mmoja akashika mkono wa upande wake mpaka jua lilipotua.

Tukirudi nyuma katika kitabu hicho hicho, sura ya 7 mstari wa 7, twaelezwa kwamba Musa aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 80, na Haruni miaka 83. Vita hivi vilikuja si muda mrefu baadaye. Basi aliyeshikwa mkono alikuwa mzee wa miaka 80 au zaidi kidogo, na mmoja wa walioushika alikuwa mzee kuliko yeye. Msaada huu haukutoka kwa vijana peke yao.

Angalieni pia jinsi walivyomsaidia. Hawakumwambia Musa, "Shusha mikono, ukapumzike nyumbani," maana vita vingepotea. Wala hawakumwambia, "Jikaze." Kazi iliendelea, ila namna ya kuifanya ilibadilishwa: akaketi badala ya kusimama, na uzito ukagawanywa. Shikeni mambo haya matatu, maana somo letu lote limo ndani yake: mkono usiachwe bure, kazi ibadilishwe namna yake, na msaada upokelewe.

2. Bega limeumbwaje

Kwanza tuutazame mkono wenyewe. Mkono mmoja wa mtu, toka begani hadi vidoleni, una uzito wa karibu sehemu 5 katika kila 100 za mwili wake. Mtu wa kilo 60 anainua kilo 3 kila anapoinua mkono mtupu. Akiunyosha mbali na mwili, bega huvutwa zaidi kuliko akiukunja kiwiko na kuuleta karibu. Jaribuni sasa hivi: nyosheni mkono mbele kwa dakika moja, kisha ukunjeni. Mtajua kwa nini Musa alichoka.

Nyonga imekaa kama mchi ndani ya kinu: mfupa wa paja umeingia ndani sana, hautoki ovyo. Bega si hivyo. Mfupa wa juu wa mkono una kichwa cha mviringo, nacho hukaa juu ya kitako kidogo kisicho na kina, pembeni mwa kombe la bega. Wekeni chungwa juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa, mtapata mfano wake. Kwa sababu hiyo mkono waweza kwenda juu, chini, nyuma na kuzunguka kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Lakini chungwa lile laweza kuteleza.

Kinacholizuia ni misuli. Misuli minne midogo hutoka kwenye kombe la bega, na kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa na kukishika mahali pake, kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Kamba moja ikilegea, mlingoti huinama, na zile nyingine huvutwa kupita kiasi.

3. Uzee hufanya nini

Uzee hugusa bega kwa njia kadhaa.

(a) Misuli hupungua. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mwili hupoteza kiasi cha sehemu 3 hadi 8 katika kila 100 za misuli kwa kila miaka 10, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Bandu bandu huisha gogo. Ndiyo maana ndoo iliyokuwa nyepesi zamani leo ni nzito, ingawa maji ni yale yale.

(b) Kano huchakaa. Mojawapo ya kano zile nne hupita katika nafasi nyembamba, chini ya mfupa ulio kama paa. Baada ya miaka mingi ya kupanda na kushuka huanza kuchanika nyuzi, kama kamba iliyosugua sana katika kapi. Watu wengi waliopita miaka 60 wana mchaniko mdogo, na baadhi yao hawasikii maumivu yoyote.

(c) Mfuko unaozunguka kiungo hukakamaa usiponyooshwa.

(d) Mgongo huinama. Hili wengi hawalifikirii. Ketini mkiwa mmejikunja kama mtu anayechambua mchele, inueni mikono, mwone inapokomea. Kisha nyosheni mgongo, inueni tena. Mtaona kwamba mikono imepanda zaidi. Mara nyingine kosa si la bega, ni la mgongo.

Lakini sikieni jambo hili, maana ndilo kubwa. Mzee mwenye afya hupungukiwa na sehemu ndogo tu ya mwinuo wa mkono. Mkono ukikwama kwenye usawa wa bega, hapo si umri peke yake. Huenda kano imechanika, au gegedu ya kiungo imelika, au bega limeganda. Bega kuganda huwapata hasa watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine. Huanza kwa maumivu makali, hasa usiku. Kisha maumivu hupungua lakini mkono hukaza. Halafu hulegea polepole. Safari hiyo yaweza kuchukua mwaka 1 hadi 3. Kwa hiyo mtu ambaye bega lake limeganda yafaa apimwe sukari.

4. Kosa letu wenyewe

Sisi tunaoandika tulifundisha walimu chuoni, na kwa miaka mingi tuliandika ubaoni kwa mkono wa kulia ulioinuliwa juu ya kichwa. Karibu na kustaafu, bega hilo likaanza kutuuma usiku. Tukafanya wanavyofanya wengi: tukaufunga mkono kwa kanga shingoni, tukauacha. Wiki za kwanza maumivu yakapungua, tukajisifu kwa busara yetu. Baada ya miezi mitatu mkono haukupita kidevu. Tulikuwa tukioga kwa mkono mmoja, na shati tukivalishwa kama mtoto.

Wapo waliotushauri tuchanjwe chale. Jirani mmoja alinong'ona kwamba kuna mtu wa kazini aliyetuonea wivu. Twakiri kwamba usiku mmoja au miwili tulilifikiria jambo hilo. Tulipofika hatimaye kwa mtaalamu wa fiziotherapia, alitupima, akatuuliza swali moja: "Mwalimu, mkono huu umeupa kazi gani miezi hii mitatu?" Hatukuwa na jibu. Ilituchukua zaidi ya mwaka kuweza kuanika nguo kwenye kamba, na mpaka leo mkono wa kulia haufiki katikati ya mgongo. Tungalianza mapema, huenda tungalipoteza kidogo zaidi ya hapo.

5. Mazoezi ya kufanya nyumbani

Daktari mpasuaji wa Boston, Marekani, aliyeitwa Ernest Amory Codman, alichapisha kitabu kizima juu ya bega mwaka 1934, na ndiye aliyelipa bega lililoganda jina hilo. Zoezi la kwanza hapa chini lahusishwa naye mpaka leo.

Zoezi la 1: Ndoo kisimani. Simama, shika meza au mgongo wa kiti kwa mkono mzima, inama kidogo. Acha mkono unaouma uning'inie kama ndoo kwenye kamba. Uyumbishe taratibu mbele na nyuma, kisha kando, kisha kwa kuzungusha duara dogo. Dakika 1 au 2, mara 2 au 3 kwa siku.

Zoezi la 2: Mjusi ukutani. Simama ukielekea ukuta. Vidole vitambae ukutani kwenda juu mpaka pale unaposikia kuvutwa. Hesabu mpaka 10, vitambae kushuka. Rudia mara 10. Weka alama ya mkaa ulipofika, uone kama wiki ijayo umepita hapo.

Zoezi la 3: Kanga mgongoni. Shika kanga au taulo nyuma ya mgongo, mkono mmoja juu na mwingine chini, kama mtu anayejikausha. Mkono ulio juu uvute polepole ule wa chini. Usitumie nguvu nyingi.

Zoezi la 4: Makombe nyuma. Keti wima, vuta makombe ya mabega nyuma kana kwamba yanataka kugusana. Hesabu mpaka 5, achia. Rudia mara 10. Zoezi hili lasaidia na mgongo.

Zoezi la 5: Mpira wa baiskeli. Funga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo au kitasa cha mlango. Kiwiko kikiwa kimekunjwa na kimebanwa ubavuni, vuta mpira kwenda nje, rudisha polepole. Mara 10, pumzika, kisha mara 10 tena. Asiye na mpira aweza kuinua chupa ya nusu lita yenye maji, mkono ukiwa mbele kidogo na kidole gumba kikitazama juu, asipite usawa wa bega.

Mazoezi manne ya kwanza yaweza kufanywa kila siku. La tano, kwa kuwa ni la kutia nguvu, lifanywe siku 2 au 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawashauri watu wa miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi kila wiki. Kuvutwa kidogo si vibaya. Maumivu makali kama kisu ni amri ya kuacha. Na maumivu yakizidi mpaka kesho yake, punguza.

Pengine mtu atasema, "Mimi nimekwisha kuwa mzee, misuli haioti tena." Mwaka 1990 madaktari huko Boston walieleza habari za wazee wa miaka 86 hadi 96 waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Paja si bega, lakini misuli ni misuli. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Kubadilisha namna ya kazi

Musa aliletewa jiwe. Jiwe letu ni lipi?

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Ndoo mbili za lita 10, kwa safari mbili, maji ni yale yale na bega limepona. Tena, lugha yetu yenyewe yatufundisha: twasema kumtwika mtu mzigo, na kumtua. Wazee wetu walijua kwamba kutoa mzigo chini mpaka kichwani ni kazi ya watu wawili. Anayejitwika peke yake ndiye anayechanika kano.

Vyombo vya kila siku viwekwe kati ya kiuno na bega, si juu ya kabati. Kamba ya kuanikia nguo ishushwe kidogo. Mwenye kulima asiinue jembe juu ya kichwa. Apige fupifupi, karibu na mwili. Mvuvi anayevuta kamba avute kwa miguu na kiuno, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Unapovaa shati au kanzu, tanguliza mkono unaouma. Unapovua, uutoe mwisho. Usiku usilalie bega linalouma. Lala chali au kwa upande mwingine, ukiuegemeza mkono juu ya mto.

Nanyi vijana, mzee akisimama katika basi la kwenda Dar es Salaam ameshika bomba la juu, mjue kwamba safari nzima anafanya kazi aliyoishindwa Musa. Mpisheni kiti.

7. Wakati wa kwenda hospitali

Usingoje mazoezi ukiona mambo haya: maumivu ya bega au mkono pamoja na kifua kubana, jasho au pumzi kukatika, maana huo waweza kuwa ugonjwa wa moyo, mkono kulegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, maana hicho chaweza kuwa kiharusi, kuanguka na kisha kushindwa kuinua mkono, bega kuvimba na kuwa la moto pamoja na homa, au maumivu ya usiku yasiyoisha pamoja na kukonda. Mambo mawili ya kwanza ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile.

Mazoezi ya wiki 6 yasipoleta badiliko, nenda katika hospitali ya wilaya uulize habari za fiziotherapia. Mambo magumu zaidi hupelekwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Tena jihadharini na dawa za maumivu za kununua dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni. Kwa mzee zikitumiwa siku nyingi zaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Kitambaa cha maji ya moto ya wastani, na kuchuliwa taratibu kwa mafuta ya nazi, hutuliza. Kuvutwa mkono kwa nguvu mpaka "ulie" si tiba. Waweza kuchana kano.

8. Kupokezana

Mji wetu wa Bagamoyo waijua habari ya mabega. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilifika hapa kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, na mzigo wa mtu mmoja mara nyingi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Jina la mji wetu hufasiriwa kwa namna zaidi ya moja, lakini wengi hulitoa katika neno "bwaga", neno la mtu anayetua mzigo.

Hapa pia ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa mwezi Februari 1874. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, akina Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliuleta mwili pwani kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500. Hakuna bega moja lingaliweza safari ile. Walipokezana.

Sisi nasi twafanya vivyo hivyo kila tunapozika. Hakuna mtu anayelichukua jeneza peke yake toka nyumbani hadi kaburini. Kila mmoja huingia, akachukua hatua chache, akampisha mwingine, wala hakuna anayemcheka aliyepisha. Kwa nini basi mzee aone haya kumpisha mwingine ndoo, au kamba ya nguo, au kengele ya kanisa? Na kwa nini sisi wengine tungoje mpaka atuombe?

Lakini mwenye kupisha asiende kulala. Haruni na Huri waliishika mikono ya Musa, hawakuikata. Mpeni mzee msaada katika kazi inayomzidi, mwachieni ile anayoiweza: akune nazi, afagie, apepete mchele, asuke ukili. Kumnyang'anya kila kazi kwa jina la heshima ni kuligandisha bega lake.

Twatoa shauri moja kwa mtaa wetu. Baada ya Misa, dakika 10 tu, wazee wasimame kivulini pamoja na wajukuu wao, wafanye mazoezi haya kwa kuhesabu. Umoja wa Akina Mama waweza kuongoza. Na kila kijana achague nyumba moja ya mzee, aulize swali moja: "Shikamoo babu, shikamoo bibi, ni kitu gani humu ndani kilichowekwa juu mno?" Kisha akishushe.

Maswali ya kujadiliana

1. Haruni alikuwa mzee kuliko Musa. Hilo latufundisha nini juu ya nani aweza kumsaidia nani?
2. Kuna kazi gani uliyoiacha kwa kusema "ni uzee tu"? Je, ilikuwa lazima uiache, au ungaliweza kubadilisha namna yake?
3. Nyumbani kwenu ni nani anayejitwika ndoo peke yake?
4. Ni kazi gani mmemnyang'anya mzee wenu kwa heshima, ambayo yafaa arudishiwe?

Tuombe

Ee Mungu uliyetuumba na kutupa mikono, utusaidie kuitumia maadamu tuna pumzi. Inapokuwa mizito, utupe unyenyekevu wa kushikwa. Na ya wenzetu inapokuwa mizito, utupe macho ya kuona kabla hatujaombwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.